Madoa meupe niliyoyaita floraidi: kisa cha mtoto mmoja kwenye miteremko ya Mlima Meru

Kwa nini nakiandika

Mtoto huyu aliletwa kwangu mara ya kwanza akiwa na miaka miwili na miezi miwili. Wakati huo meno yake yangeweza kuokolewa kwa mswaki, dawa ya meno na mabadiliko kidogo ya usiku. Nilimwangalia kwa dakika chache, nikamwambia mama yake asihofu, ni maji ya huku. Aliporudi baada ya miezi saba alikuwa na jipu kwenye ufizi, na meno yake manne ya mbele yalikuwa yameliwa.

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno katika hospitali ya umma kaskazini mwa Tanzania. Kisa hiki nimeshawasimulia wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, na sasa nakiweka chote kwa ajili ya wenzangu wa kliniki za mama na mtoto, na kwa wazazi wanaoishi kwenye maji kama yetu. Mama ameridhia kiandikwe. Mtoto nitamwita Baraka, jina ambalo si lake, na mambo kadhaa ya familia nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Familia na maji yao

Mama yake Baraka anafanya kazi kwenye shamba la maua. Anaamka saa kumi alfajiri, anapanda gari la wafanyakazi, anarudi jioni. Baba yuko mbali kikazi na hurudi mara chache kwa mwaka. Mtoto analelewa na bibi mzaa baba, na usiku wote wanalala chumba kimoja: mama, bibi, Baraka, na dada yake wa miaka tisa.

Huyo dada ndiye anayeeleza nusu ya kisa hiki. Meno yake ya mbele, yale ya ukubwani, yana rangi ya kahawia iliyokolea na vishimo vidogo. Alikunywa maji ya kijito tangu utotoni. Anayeijua wilaya yetu ya Arumeru anajua hali hiyo. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutoa madini ya floraidi kwa wingi kwenye chemchemi na visima, na watu wazima wengi hapa wana meno ya namna hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Huku kwetu vyanzo vingi vinazidi hapo, vingine mara kadhaa. Shuleni yule binti alikuwa akitaniwa, naye akajifunza kucheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Mama yake aliapa kwamba wa pili hatapitia hayo.

Kwa hiyo mama alipoingia kwangu na Baraka, hofu yake ilikuwa na jina tayari. Nami nikaipokea kama ilivyo.

Ziara ya kwanza

Alisema ameona "michirizi meupe" kwenye meno ya juu. Nilimwambia mtoto afungue mdomo, nikamulika kwa tochi, nikaona weupe karibu na ufizi kwenye meno ya mbele. Baraka alikuwa analia na foleni ilikuwa ndefu. Nikaandika kwenye rejesta kwamba ni madoa ya floraidi, nikamweleza mama kuwa hayana madhara makubwa kwa meno ya utotoni, nikamshauri apunguze maji ya kijito.

Kuna mambo mawili sikuyafanya. Sikuufuta ukoga uliokuwa juu ya meno, na sikuyakausha.

Madoa ya floraidi hutawanyika juu ya uso wa jino, huwa kama mistari myembamba ya mawingu inayokatiza jino, na hutokea kwa ulinganifu kulia na kushoto. Kwenye meno ya utotoni huonekana zaidi kwenye magego kuliko kwenye meno ya mbele. Weupe wa kuoza kunakoanza hukaa kwenye ukanda mmoja, ukingoni mwa ufizi kabisa, pale ukoga unapolala. Ukifuta kwa shashi na kukausha, ukanda ule unapoteza mng'ao, unakuwa kama chokaa ya ukutani iliyopauka, wakati jino lenye afya linabaki liking'aa. Kipimo chake ni shashi na nusu dakika tu. Baraka alikuwa na ukanda wa chokaa kwenye meno manne, na mimi niliuangalia ukiwa umefunikwa na ukoga na mate.

Ningekuwa nimekosea utambuzi tu, pengine hasara ingekuwa ndogo. Lakini maneno yangu yalienda nyumbani na kufanya kazi. Mama alisikia "floraidi", akasoma boksi la dawa ya meno, akaona neno lile lile limeandikwa pale. Siku ile ile akaitupa, akaanza kumsugua mtoto kwa mswaki mkavu. Maji akaanza kuyachemsha kwa bidii akiamini anaitoa floraidi. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni jambo jema, lakini floraidi haiondoki kwa mvuke. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi inabaki kwenye maji machache zaidi. Mama huyu alifanya kila alichoweza kwa taarifa aliyopewa, na taarifa hiyo ilitoka kwangu.

Miezi saba baadaye

Alirudi na bibi. Baraka alikuwa amekesha siku tatu akilia, hataki kutafuna, loshoro anayoipenda, chakula cha mahindi na maziwa mgando, anaila ikiwa imepoa tu.

Safari hii nilifanya ipasavyo. Bibi alikaa, nikakaa mbele yake magoti yetu yakigusana, mtoto akalala miguu kwa bibi na kichwa mapajani mwangu. Namna hii mtoto hulia, lakini anaona uso wa mtu wake, nami naona mdomo wote. Nikainua mdomo wa juu kwa kidole.

Meno manne ya mbele ya juu yalikuwa ya kahawia, laini, yamemegeka kingo. La kati la kushoto lilikuwa limebaki kisiki, na juu yake kwenye ufizi kipele chenye usaha. Magego ya kwanza ya juu yalikuwa na matundu, moja kila upande. Ila meno ya mbele ya chini yalikuwa mazima, meupe, hayana doa.

Mpangilio huo ndio uliopaswa kunishtua tangu mwanzo. Mtoto akilala na chupa, kilichomo hujikusanya kuzunguka meno ya juu, wakati ya chini yanafunikwa na ulimi na kuoshwa na mate. Maji yenye floraidi hayachagui meno ya juu na kuyaacha ya chini. Kwa hiyo nikauliza swali ambalo sikuwa nimeliuliza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, mtoto akiamka usiku, unamtuliza na nini?"

Bibi alimtazama mkwewe kwanza. "Uji wake. Ule ule wa jioni. Nauweka kwenye chupa ya chai usipoe, akiamka namtilia kwenye chupa yake. Bila hivyo halali, na mama yake saa kumi anatakiwa kuamka."

"Anaamka mara ngapi?"

"Mara mbili. Siku nyingine tatu."

Nilimpa kijiko na kikombe anionyeshe sukari anayotia. Alichota vijiko vitatu vya kujaa kwa chupa moja. Mama yake alishika shavu. Hakuwa akijua ni vitatu. Bibi akaeleza bila kuficha kwamba uji wa lishe una ladha ya soya na mtoto aliukataa mpaka ulipotiwa sukari, na kliniki waliwaambia mtoto ana uzito mdogo, ale zaidi. Alikuwa anatii ushauri. Kulikuwa pia na sharubati ya kikohozi iliyokuwa ikinunuliwa dukani mara kwa mara, nayo ni tamu, nayo ilikuwa ikitolewa kabla ya kulala.

Kinachotokea mdomoni baada ya hapo kinajulikana vizuri. Bakteria walio kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi. Asidi ikizidi hadi pH, kipimo cha uasidi, ikashuka chini ya takriban 5.5, madini ya enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka, na mate huchukua nusu saa au zaidi kurudisha hali. Mchana, kati ya mlo na mlo, mate yana muda wa kurekebisha. Usiku mate hupungua sana, mtoto hamezi mara kwa mara, na chupa mbili tatu zenye sukari hufanya asidi ikae karibu usiku kucha. Enameli ya meno ya utotoni nayo ni nyembamba kuliko ya ukubwani. Miezi saba ilitosha.

Tulichoamua

Tulikaa watu wazima watatu, na baba kwenye simu iliyowekwa spika.

Jino lenye jipu tuling'oa. Baba alitaka apewe antibayotiki tu asubiriwe, kwa kuwa "litang'oka lenyewe". Kwa kawaida meno ya mbele ya juu huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka saba hivi. Nilimweleza kwamba dawa ingetuliza uvimbe kwa wiki kadhaa na usaha ungerudi, kwa sababu chanzo kimo ndani ya jino, na kwamba chini ya mzizi ule kuna jino la ukubwani linalojengwa ambalo maambukizi ya muda mrefu yanaweza kuliharibu. Alikubali. Ganzi, jino likatoka, na usiku ule Baraka alilala.

Meno matatu ya mbele yaliyobaki hayakuwa na maumivu wala usaha. Hapa tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuyang'oa yote, jambo linalofanyika mara nyingi mno. Ya pili ni kuyapaka dawa ya matone yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo husimamisha uozo bila kuchimba wala sindano, na ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021 pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Tatizo lake ni rangi. Sehemu iliyooza huwa nyeusi tii na kubaki hivyo. Kwa mama ambaye tayari ana binti anayeziba mdomo akicheka, hilo si jambo dogo, na sikutaka kulipitisha haraka. Nilimwonyesha picha za meno yaliyopakwa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Aliuliza kama na meno ya ukubwani yatakuja meusi. Nikamwambia hapana, weusi unabaki kwenye sehemu iliyooza ya jino hili, nalo litang'oka. Bibi ndiye aliyesema, "Bora meusi yenye kutafuna." Mama akaridhia mwenyewe baada ya hapo.

Magego mawili tuliyasafisha kwa vifaa vya mkono na kuyaziba kwa glasi ayonoma, aina ya saruji ya meno. Mbinu hii ya kuziba bila mashine wala umeme ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kisha ikaenda dunia nzima. Gego la utotoni lina kazi ya kutafuna na kulinda nafasi mpaka miaka kumi hivi, hivyo halikustahili kuachwa.

Yaliyobaki ni ya nyumbani, na ndiyo yaliyotuchukua muda mrefu zaidi.

Punje ya mchele

Mama hakutaka kusikia habari ya dawa ya meno yenye floraidi. Nilimwelewa, nilikuwa nimempa sababu. Basi tulifanya hesabu mezani. Nilikamua dawa kwenye kipande cha karatasi, kiasi cha punje ya mchele, ndicho kinachotosha mtoto chini ya miaka mitatu. Ni takriban sehemu ya kumi ya gramu. Dawa yenye kipimo cha 1,000, kama ilivyoandikwa kwenye boksi, ina miligramu moja ya floraidi katika kila gramu. Punje ile basi ina sehemu ya kumi ya miligramu, na kwa siku moja yenye punje mbili, ya asubuhi na ya usiku, hata akizimeza zote, ni miligramu 0.2.

Kisha nikajaza maji kwenye chupa ya nusu lita. Tuseme maji ya kijito yana miligramu 5 kwa lita, hali ya kawaida huku. Nusu lita hiyo ina miligramu 2.5, na uji wa siku nzima umepikwa kwa maji hayo hayo. Mama aliangalia karatasi, akaangalia chupa, akasema, "Kumbe nilitupa kidogo nikabaki na kingi."

Nilimweleza na lile lingine ambalo watu wengi wa huku hawajaambiwa: madoa ya kahawia hutokana na floraidi iliyomezwa wakati jino bado linajengwa ndani ya taya, lakini faida yake dhidi ya kuoza hutokea hasa inapogusa uso wa jino lililokwisha kuota. Ndiyo maana mtoto wa Meru anahitaji maji yenye floraidi ndogo na bado anahitaji dawa ya meno. Kwa maji, familia ilikuwa na bati nzuri na tenki dogo. Tulikubaliana maji ya mvua yawe ya Baraka tu, kunywa na kupikiwa uji, yakichemshwa kwa ajili ya vijidudu. Magadi bibi anayotia kwenye makande nayo yana floraidi; tukaomba chungu cha mtoto kisitiwe.

Chupa

Agizo langu la kwanza lilikuwa kuacha chupa ya usiku mara moja. Lilidumu siku mbili. Siku ya tatu bibi alimpa, na alipokuja wiki iliyofuata aliniambia wazi: "Mwanangu, wewe hulali chumba kile." Ni kweli, silali pale. Mtoto akilia saa nane usiku, dada ana shule, mama ana shamba, na bibi ndiye anayeulizwa kwa nini hajamnyamazisha.

Tukapanga upya, na safari hii bibi ndiye aliyepanga. Wiki ya kwanza vijiko viwili, ya pili kimoja, ya tatu uji bila sukari, ya nne maji ya vuguvugu peke yake. Uji mzito wenye maziwa na karanga za kusaga ukahamia jioni, kwa kikombe na kijiko, ili alale ameshiba na uzito usishuke. Mswaki baada ya hapo, kisha hakuna kingine ila maji. Anayepiga mswaki usiku awe mama, kwa kuwa mkono wa mtoto wa umri huu hauwezi kusafisha, na kwa kuwa mama alitaka awe na sehemu yake. Ilichukua wiki sita badala ya nne.

Mwaka uliofuata

Miezi mitatu baadaye meno matatu yalikuwa meusi na magumu. Kichunguzi kilipita juu yake kama kinavyopita juu ya kokoto. Baraka alikuwa ameongezeka uzito. Miezi sita tulipaka tena, maana mara moja haitoshi.

Mwezi wa nane alipata homa ya mapafu, akalazwa, na chupa ya uji ikarudi kwa karibu mwezi mzima. Bibi hakunificha. Tulikuta ukanda mpya wa chokaa kwenye jino la pembeni, tukaufuta, tukaukausha, tukaupaka vanishi ya floraidi. Kwenye ziara iliyofuata mng'ao ulikuwa umeanza kurudi. Kizibo cha gego la kulia kilitoka mwezi wa kumi, tukaliziba tena. Tangu jino lile ling'olewe hajapata jipu wala maumivu mengine.

Kilichokwama, na kilichosaidia

Kosa kubwa la kisa hiki nalijua: niliacha mazingira yaninong'oneze utambuzi. Ukifanya kazi mahali ambapo kila mtu ana madoa ya floraidi, jicho huacha kutafuta kingine. Sasa mtoto yeyote mwenye weupe kwenye meno hapiti kwangu bila kufutwa na kukaushwa meno, hata akilia, hata foleni ikifika nje ya geti.

Lakini mlango ulikuwa wazi kabla ya hapo. Kadi ya Baraka inaonyesha alipelekwa kliniki kwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi tisa, tena akiwa na miezi 18. Alipimwa uzito mara nyingi. Katika mwezi wa 18 meno ya mbele ya juu yalikuwa yameshaota, na pengine ukanda wa kwanza ulikuwa umeanza. Hakuna aliyeinua mdomo wake. Siwalaumu manesi, kwa sababu hakuna aliyewafundisha, na mimi niko mita mia moja kutoka kliniki yao na sikuwa nimewahi kwenda. Kazi yenyewe ni kidole kimoja na sekunde kumi wakati mtoto yuko kwenye mizani. Ushauri wa "mtoto ale zaidi" nao unahitaji kuendelea mpaka mwisho: ale nini, saa ngapi, kwa chombo gani. Ukikatwa katikati, bibi anaumalizia kwa sukari.

Sikumwuliza mlezi halisi. Mama alijibu maswali yangu ya mwanzo kwa uaminifu, lakini saa za usiku zilikuwa mikononi mwa bibi, na saa za usiku ndizo zilizoharibu meno. Nadhani pia kwamba bibi alisema ukweli kwa sababu swali halikuwa na lawama. Ningeuliza "mnampa sukari usiku?" ningepata "hapana".

Hesabu ya punje ya mchele ilimrudishia mama imani kuliko maelezo yangu yote. Ratiba ya vijiko ilifaulu kwa kuwa aliyeitunga ndiye aliyetakiwa kuamka. Dawa ya kupaka iliokoa meno matatu, ingawa nakiri kwamba weusi ule una gharama yake, na siku nyingine mzazi akiukataa nitamwelewa.

Ambacho sijakitatua ni maji. Tenki la familia hukauka kabla ya mvua kurudi, na miezi hiyo hununua maji wakiweza na kurudi kijitoni wasipoweza. Meno ya mbele ya ukubwani ya Baraka yanajengwa katika miaka hiyo hiyo. Kama yatatoka na madoa au la, tutajua akifika miaka saba.

Katika ziara ya mwisho bibi alikuja na mjukuu mwingine mgongoni, wa miezi minane, aliyeletwa kijijini baada ya mama yake kupata kazi mjini. Kabla sijasema kitu alikaa, akamlaza mtoto, yeye mwenyewe akamwinua mtoto mdomo wa juu kwa kidole cha shahada. Meno mawili ya chini yalikuwa yameota, ya juu yalikuwa yanachungulia. Aliuliza kama punje ya mchele aikate nusu kwa huyu. Nikamwambia hata kupaka tu utando mwembamba kwenye mswaki kunatosha, asubuhi na usiku, na gego la kwanza la ukubwani la Baraka litakapotokeza nyuma kabisa, kama miaka sita hivi, amlete hata kama haumwi.